Hans Cory na Uandishi wa Sheria za Mila za Usukuma na Unyamwezi

Miongoni mwa walioichunguza jamii ya Tanganyika kwa jicho la elimujamii, Hans Cory ana nafasi ya pekee, kwa kuwa maandishi yake hayakubaki maktabani bali yaliingia mahakamani. Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1889. Jina lake la awali lilikuwa Koritschoner, na ndilo alilolitumia mwaka 1936 alipochapisha makala juu ya ngoma ya shetani. Baadaye, chini ya utawala wa Waingereza, alikuwa mwanasosholojia wa serikali.

Aliandika juu ya jando, juu ya vinyago vya udongo vya unyago (1956), na juu ya Buswezi (1955), chama cha mizimu kilichoenea Usukumani na Unyamwezini. Hata hivyo, kazi iliyompa uzito ni ya sheria: ya Wahaya mwaka 1945, akishirikiana na Hartnoll, na ya Wasukuma mwaka 1953. Aliwakutanisha wazee, akawahoji jambo moja baada ya jingine, kisha akaandika walichoafikiana kwa vifungu. Eugen Ehrlich, Mwaustria mwenzake, alikwisha kudai mwaka 1913 kwamba sheria iliyo hai huishi katika mwenendo wa watu kabla ya kuingia vitabuni. Cory alianzia hapo hapo, lakini akaitoa sheria hiyo katika mwenendo na kuifunga katika vifungu. Waliohojiwa, aghalabu, walikuwa wanaume wenye mamlaka. Ni dhahiri kwamba mjane angeyasimulia mambo hayo hayo kwa namna nyingine.

Tabora inauonyesha vyema ugumu wa njia hiyo. Katika mitaa ya mji wa misafara, Mtendeni ukiwamo, Wanyamwezi, Wamanyema na watu wa pwani wamekaa ukuta kwa ukuta kwa vizazi kadhaa, na mirathi ya nyumba moja huweza kudaiwa kwa sharia ya Kiislamu na kwa mila pia. Kitabu kimoja kwa kabila moja hakiwatoshi watu wa namna hii.

Mwishoni mwa maisha yake Cory aliongoza kazi ya kuziunganisha sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Alifariki mwaka 1962. Matangazo ya serikali yalitoka mwaka 1963. Hapo mila ilibadilika si haba. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, mahari ndiyo iliyoamua watoto ni wa nani: isipolipwa, walikuwa wa ukoo wa mama. Tangazo la 1963 lilisema ndoa ni halali hata bila mahari, na watoto wa ndoa wakawa wa baba. Katika mirathi, binti aliwekwa daraja la tatu, la mwisho, naye mjane hakupewa fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, ilikataa kanuni ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Vifungu vya mirathi viliendelea kutumika, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za wajane wawili wa Kisukuma walionyimwa urithi kwa vifungu hivyo.