Malkia wa Jua na Chumvi Iliyomsaliti

Sitasahau kipindi kile cha maabara tulipoyeyusha nafthalini. Mimi ndiye niliyekabidhiwa themometa. Zebaki ikapanda, ikapanda, halafu ilipofika nyuzi 80 ikakwama ti! Moto unawaka, maji yanatokota, zebaki haisongi. Nikajua nimeivunja. Jasho likanitoka, macho yakawa mlangoni. Mwalimu akacheka, akatueleza kuwa joto halikupotea, bali lilikuwa likimezwa na nafthalini inayoyeyuka, na itakapoganda italitapika lote. Hilo ndilo joto fiche. Siku chache baadaye, katika kupekuapekua maktabani, nikakutana na mama mmoja aliyelitegemea joto hilo hilo kupasha nyumba nzima. Tangu hapo hajanitoka moyoni.

Mama huyo ni Mária Telkes, aliyezaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 12 Desemba 1900. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1924. Mwaka uliofuata alifunga safari kwenda Cleveland, Marekani, kumtembelea jamaa yake, na ziara ikageuka makazi. Mwaka 1939 alijiunga na mradi wa nishati ya jua katika chuo cha MIT. Vita vilipopamba moto, alibuni mtambo mdogo wa kusafisha maji ya bahari kwa jua, ili askari waliokwama kwenye mashua za uokoaji wapate ya kunywa. Hilo peke yake lingetosha kumpa mtu jina. Lakini yeye roho yake ilikuwa kwenye nyumba.

Tatizo la jua mnalijua: mchana lipo, usiku halipo. Wengine pale MIT walitaka joto lihifadhiwe katika matangi ya maji. Telkes akasema la, tutumie chumvi ya Glauber, yaani salfeti ya sodiamu iliyoshikana na maji. Chumvi hii huyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi. Kilo moja ikiyeyuka humeza joto linaloweza kupandisha kilo moja ya maji takriban nyuzi 60! Hottel, mkuu wa mradi, aliitilia shaka. Telkes hakukaa kulia. Alimwendea Amelia Peabody, mchongaji tajiri, naye akatoa pesa; Eleanor Raymond akachora ramani. Hebu fikirieni, wanawake watatu, mwaka 1948!

Nyumba ikasimama Dover, jimbo la Massachusetts, ambako theluji si hadithi. Jua lilipenya vioo vya ghorofani, likapasha mabamba ya chuma, na feni zikasukuma hewa ya moto hadi kwenye madebe yaliyojaa tani 21 hivi za chumvi. Usiku chumvi iliganda na kurudisha joto vyumbani. Binamu yake Telkes alihamia humo na mkewe na mtoto mkesha wa Krismasi. Tanuri la mafuta halikuwamo.

Majira mawili ya baridi yakapita salama. Ya tatu, balaa! Kila ilipoyeyuka, chumvi ilikuwa inajitenga, nzito ikitulia chini na maji yakibaki juu, basi ikashindwa kuganda sawasawa. Madebe nayo yakaliwa na kutu, yakavuja. Baadaye likaletwa tanuri la mafuta. Nikiwaza yule mtoto akitetemeka, nakiri, namwonea Telkes huruma na hasira kidogo pia. Kwa nini hakuijaribu zaidi kabla ya kuwaingiza watu?

Rafiki yangu mmoja husema mama huyu alishindwa. Nakataa katakata. Mwaka 1953 alitoka MIT akaenda Chuo Kikuu cha New York, akapewa dola 45,000 na shirika la Ford kutengeneza jiko la jua. Na chumvi hakuiacha. Aligundua kuwa boraksi kidogo huisaidia kuanza kuganda, kisha katika miaka ya 1970 akaichanganya na udongo maalumu ili ishikamane, isijitenge. Alikuwa anaitafutia mwili.

Mwili huo ndio wanakemia wa leo wanaoutafuta kwa njia nyingine. Huchukua nta ya parafini, ile ya mishumaa, wakaifungia ndani ya plastiki kama polithini. Nta huyeyuka na kumeza joto, lakini kipande kinabaki na umbo lake, wala hakidondoki. Tena wapo wanaotengeneza plastiki ambayo ikichakaa husagwa na kufinyangwa upya badala ya kutupwa. Madebe ya Dover yangekuwa na hiyo!

Mwaka 1995 Telkes alirudi Budapest kutembea, na huko huko, tarehe 2 Desemba, akafariki, siku kumi tu kabla ya kutimiza miaka 95. Kule Marekani walishazoea kumwita Malkia wa Jua.