Mtaalamu Aliyelipua Nyumba za Samaki

Ukiyapa kisogo maduka ya leso ya Barabara ya Biashara, Mombasa, na kuingia Mji wa Kale, utaziona kuta zilizobanduka lipu. Ndani mna mawe ya matumbawe yenye vishimo tele, ambavyo zamani vilikuwa makao ya viumbe wa bahari. Kila nipitapo hapo humkumbuka James Leonard Brierley Smith.

Smith alizaliwa Graaff-Reinet, Afrika Kusini, mwaka 1897. Alikuwa mwalimu wa kemia mjini Grahamstown. Elimu ya samaki alijifundisha mwenyewe, jambo ambalo wanafunzi wetu hawana budi kulizingatia. Mwaka 1939 alimpa jina la kisayansi silakanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu zama za dinosaria, kumbe alikuwa amevuliwa Desemba 1938 karibu na East London. Kwa miaka 14 akamsaka wa pili, akisambaza matangazo ya zawadi ya pauni 100. Kapteni Eric Hunt, aliyekutana na Smith Unguja, aliyafikisha Komoro, na Desemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah akampata silakanti huko Nzuwani.

Sifa hizo zinajulikana. Lisilosemwa sana ni namna alivyokusanya samaki wengine. Smith alitambua kwamba ndoana na nyavu haziwafikii wajifichao nyufani na mapangoni, basi yeye na mkewe Margaret, walipozuru pwani yetu, walitumia baruti. Mshindo mmoja tu, na samaki wadogo wasio na jina wakaelea. Sayansi ilitajirika, naam, lakini tumbawe lililojengeka kwa miaka mingi lilivunjika mara moja.

Simhukumu kwa ujuzi wa leo. Hata hivyo, mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba samaki hao wadogo wa maficho, wengi wasiofika sentimita tano, ndio karibu asilimia 60 ya uzito wa samaki wanaoliwa miambani. Huzaana upesi na kuliwa upesi, na chewa na changu hushiba kwao. Baruti inapolipuka leo, haiui kitoweo cha siku hiyo pekee. Huivunja ghala yenyewe.

Smith alifariki Januari 1968. Mwaka 1987 Hans Fricke alishuka kwa nyambizi ndogo huko Komoro akamwona silakanti akiogelea kwake. Baadaye ikabainika kuwa hushinda mchana kutwa pangoni. Mwaka 2001 mmoja alinaswa wavuni nje ya Malindi.