Bwana Brumpt na Ameba Wawili

Neno ameba si geni kwetu. Ukishikwa na tumbo tu, jirani keshakutajia. Lakini je, mwamjua Bwana Émile Brumpt? Nataka niwasimulie habari zake, maana mzee huyu alisema kweli, wenzake wakampuuza mpaka akaingia kaburini.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka wa 1877. Kati ya 1901 na 1903 alivuka Afrika na msafara wa Du Bourg de Bozas, toka Uhabeshi, wakapitia Ziwa Turkana, hadi Kongo. Kiongozi wao alifia njiani. Brumpt alirudi salama, na mwaka wa 1919 akawa profesa wa elimu ya vimelea huko Paris.

Kisa kilichonivutia hasa ni cha 1925. Watu wengi walikuwa na ameba tumboni na hawaugui hata chembe. Mabingwa wakashikilia kwamba ni ameba yule yule wa kuhara damu, eti ametulia tu. Brumpt akakataa katakata. Aliwapa watoto wa paka ameba kutoka kwa watu kama hao, na wasiugue. Basi akasema ameba ni wawili, mmoja mkali na mwingine asiye na neno. Huyu mpole akambandika jina Entamoeba dispar. Taabu ni kwamba kwenye hadubini wanafanana kama shilingi kwa ya pili! Nani angemwamini? Akafariki mwaka wa 1951.

Ushahidi ulitoka London mwaka wa 1978. Wataalamu Sargeaunt na Williams hawakuhangaika na umbo, bali walichunguza vimeng'enya, yaani zile protini zinazoharakisha kazi za mwili. Kimoja huitwa heksokinasi. Ameba wote wawili wanacho, na kazi yake ni ile ile, lakini kikiwekwa kwenye rojo la wanga na kupitishiwa umeme, mwendo hutofautiana. Kisha hutiwa dawa inayogeuka rangi pale tu kimeng'enya kinapofanya kazi. Mistari ya ameba mkali ilikuwa mbele, ya mpole nyuma. Ajabu iliyoje!

Mwaka wa 1993 Diamond na Clark waliwatenganisha rasmi, na jina alilotoa Brumpt likarudishwa. Mnamo 1997 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa mwenye dispar peke yake hahitaji dawa yoyote.