Frederick Banting

Frederick Grant Banting (14 Novemba 1891 – 21 Februari 1941) alikuwa daktari na mtafiti kutoka nchi ya Kanada. Anajulikana hasa kwa ugunduzi wa insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho. Mwaka wa 1923 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na John Macleod.

Alizaliwa katika familia ya wakulima karibu na mji wa Alliston, jimbo la Ontario, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Toronto. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alijeruhiwa mkono huko Ufaransa. Baadaye alifungua kliniki mjini London, Ontario (si London ya Uingereza), lakini wagonjwa walikuwa wachache, akaongeza kipato kwa kufundisha.

Usiku wa 31 Oktoba 1920, akiandaa somo, alipata wazo. Kongosho lina kazi mbili: hutoa majimaji ya kumeng'enya chakula, yanayopita kwenye mrija hadi utumbo mdogo, na hutoa homoni inayoingia moja kwa moja katika damu. Banting alidhani kwamba majimaji hayo ndiyo yaliyoharibu homoni kila watafiti walipojaribu kuikamua. Alikusudia kuufunga mrija wa mbwa, sehemu ya kwanza inyauke na ya pili ibaki. Kumbe hatua hiyo haikuwa ya lazima. Baadaye insulini ilipatikana hata kutoka kongosho zima la ng'ombe.

Macleod, profesa wa fiziolojia, alimpa maabara, mbwa na msaidizi kijana, Charles Best. Kazi ilianza Mei 1921. Mwishoni mwa mwaka aliongezeka James Collip, mtaalamu wa biokemia, ili kuisafisha dawa.

Siku zile mtoto mwenye kisukari alipunguziwa chakula mno ili aishi miezi michache zaidi, akikondeana hadi kufa. Tarehe 11 Januari 1922 Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, alidungwa sindano ya kwanza mjini Toronto. Dawa haikuwa safi na haikusaidia sana. Tarehe 23 Januari alianza kupewa ile ya Collip, na sukari katika damu yake ikashuka. Aliishi hadi 1935.

Banting alikasirika kwamba Nobel ilimpa Macleod heshima na kumwacha Best, hivyo akagawana naye fedha zake. Macleod akagawana zake na Collip. Kwa haki, kazi ilikuwa ya wote wanne, na Nicolae Paulescu wa Romania alikuwa amechapisha majaribio ya namna hiyo mwaka wa 1921. Hataza ya insulini Banting, Best na Collip waliiuzia chuo kwa dola 1 kila mmoja.

Banting alikuwa pia mchoraji. Alifariki baada ya ndege ya kijeshi aliyopanda kuelekea Uingereza kuanguka Newfoundland. Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa kila mwaka tarehe aliyozaliwa.