Jack Webb na Gari Nambari 51

Nadhani hata wewe uliwahi kutengeneza gari la waya. Ulipinda waya, ukakata kandambili kuukuu upate magurudumu, usukani ukaufunga kwenye kijiti kirefu, kisha ukalikimbiza njia nzima huku ukinguruma kwa mdomo. Wakubwa walipita wakasema unapoteza wakati. Muhula huu tulibishana sana bwenini juu ya jambo hilo: je, kuiga kitu ni mchezo wa watoto tu, au mna faida ndani yake? Mimi nilikuwa upande wa wanaosema mna faida. Nilishindwa vibaya, kwa maana sikuwa na mfano wa kuwapa wenzangu. Leo ninao, nao ni maisha ya Bwana Jack Webb wa Marekani.

Huko Marekani wapo watu wazima, wengine wana mvi, ambao hununua gari kuukuu aina ya Dodge la miaka ya 1970, wakalipaka rangi nyekundu, wakalitengenezea makabati ya chuma huko nyuma na kuandika nambari 51 mlangoni. Hutafuta kofia za wazimamoto, kamba, mitungi ya hewa na sanduku la redio la rangi ya chungwa. Kila kitu sharti kifanane na kile walichokiona katika runinga walipokuwa wadogo. Gari likishakamilika hulipeleka kwenye maandamano ya sherehe, na watoto hulikimbilia. Mchezo wanaouiga uliitwa Emergency!, na kampuni iliyoutengeneza ilikuwa ya huyu Jack Webb.

Webb alizaliwa tarehe 2 Aprili mwaka wa 1920 huko Santa Monica, jimbo la California. Baba yake aliondoka kabla yeye hajazaliwa, asirudi tena. Alilelewa na mama na nyanya katika mtaa wa Bunker Hill, Los Angeles, nao walikuwa maskini hohehahe. Juu ya umaskini huo alikuwa na ugonjwa wa pumu. Wenzake wakicheza nje, yeye yumo ndani anatafuta pumzi. Lakini mnyonge hakosi chake. Mpangaji mmoja katika nyumba yao alikuwa mpiga muziki wa jazi, akamfungulia kijana mlango wa muziki huo, na Webb akaupenda hadi kufa kwake. Shuleni Belmont aliigiza na kuchora, na wanafunzi wakamchagua kuwa kiongozi wao. Kumbe kifua kibovu si akili mbovu!

Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto alijiunga na jeshi la anga akitaka kuwa rubani. Alishindwa mafunzo. Baadaye aliomba ruhusa ya kutoka jeshini ili awatunze mama na nyanya, kwani hawakuwa na mwingine. Akaenda San Francisco akapata kazi katika redio. Sauti yake ilikuwa nzito na kavu, na watu wakaipenda.

Mwaka wa 1948 aliigiza sehemu ndogo katika filamu ya wapelelezi. Hapo alikutana na sajini mmoja wa polisi wa Los Angeles, Marty Wynn, aliyekuwa mshauri wa filamu hiyo. Sajini alilalamika kwamba michezo ya polisi ni uongo mtupu, akamshauri atumie majalada ya kesi za kweli. Webb hakulipuuza neno hilo. Akaanza kuzunguka na polisi usiku ndani ya magari yao, akisikiliza wanavyozungumza na kutazama wanavyofanya kazi. Mwaka wa 1949 ukazaliwa mchezo wa redio ulioitwa Dragnet, na mwishoni mwa mwaka wa 1951 ukaingia katika runinga. Yeye mwenyewe aliigiza Sajini Joe Friday, mwenye beji nambari 714.

Sasa sikiliza vizuri, msomaji, maana hapa ndipo penye hoja yangu. Webb alipojenga ofisi ya polisi ya kuigizia, hakukubali ya kubahatisha. Alitaka ifanane na ile ya kweli katika kila kitu, hadi vitasa vya milango. Wengine walimwona mtu msumbufu. Nani atatazama kitasa, bwana? Lakini yeye aliamini kwamba ukidanganya katika jambo dogo, mtazamaji hatakuamini katika jambo kubwa.

Msifikiri kwamba mambo yake yote yalikwenda sawa. Nyumbani mambo hayakutulia. Mwaka wa 1947 alimwoa mwimbaji Julie London, wakapata mabinti wawili, lakini kazi ilimmeza na ndoa ikavunjika. Alioa mara nne kwa jumla. Mwaka wa 1963 alipewa cheo kikubwa cha kuongoza idara ya runinga ya kampuni ya Warner Bros., na kabla mwaka haujaisha akaachishwa kazi. Alikaa kitambo bila kazi ya maana, ndipo akarudi mwaka wa 1967 na Dragnet mpya.

Wakati huo kulikuwa na shida moja kubwa Marekani. Mtu akishikwa na moyo au akiumia barabarani, mara nyingi gari la wagonjwa lilimbeba tu na kukimbia naye. Wengi walikata roho njiani. Huko Belfast daktari Frank Pantridge alikuwa ameonyesha tangu mwaka wa 1966 kwamba inafaa kuipeleka mashine ya kuushtua moyo kule aliko mgonjwa. Wilaya ya Los Angeles nayo ikaanza kuwafunza wazimamoto kazi hiyo, lakini sheria iliwazuia kutibu bila kuwa na muuguzi au daktari pamoja nao. Mwaka wa 1970 Gavana Ronald Reagan alitia sahihi sheria mpya iliyowapa ruhusa.

Mwenzake Webb, Robert Cinader, aliyaona hayo na wakaamua kuyatolea mchezo. Filamu ya kwanza, ambayo Webb aliiongoza mwenyewe, ilionyeshwa na NBC mwezi wa Januari mwaka wa 1972, nayo ilisimulia jinsi sheria hiyo ilivyopiganiwa. Mchezo uliendelea hadi mwaka wa 1977. Wazimamoto wawili, Gage na DeSoto, hufika kwa gari nambari 51, huzungumza na hospitali kwa redio, hutuma mchoro wa mapigo ya moyo, humwekea mgonjwa dripu. Visa vyao vilitokana na kumbukumbu za vituo vya kweli. Kituo kilichoonekana kilikuwa cha kweli pia, huko Carson, na aliyeendesha gari kubwa la maji, Mike Stoker, alikuwa mzimamoto wa kweli.

Na jambo lililonishangaza kuliko yote: muuguzi mkuu katika mchezo huo alikuwa Julie London, yule mtalaka wake, na mmoja wa madaktari alikuwa Bobby Troup, mume mpya wa Julie! Webb ndiye aliyewapa kazi wote wawili. Wangapi kati yetu wangeweza?

Mchezo huo ulipoanza, ni miji michache tu Marekani iliyokuwa na huduma kama hiyo. Watu walitazama, kisha wakawauliza viongozi wao kwa nini mji wao hauna gari kama lile. Miji mingi ikaanzisha. Vijana walioutazama walikua wakawa wazimamoto na waganga wa dharura, na baadhi ya wanaounda upya gari nambari 51 leo ni hao hao.

Jack Webb alifariki tarehe 23 Desemba mwaka wa 1982, akiwa na umri wa miaka 62. Kilichomuua ni moyo. Yule aliyewafundisha mamilioni jinsi moyo unavyoweza kuokolewa, wake haukuokoka. Polisi wa Los Angeles walimzika kwa heshima kama mmoja wao, ingawa hakuwahi kuwa polisi hata siku moja, na beji nambari 714 ikastaafishwa. Mwaka wa 2000 jumba la makumbusho la Smithsonian lilipokea baadhi ya vifaa vilivyotumika katika Emergency!, na magari yenyewe yametunzwa katika makumbusho ya wazimamoto huko Bellflower. Gari moja la maji la mchezo huo lilipelekwa kwanza katika hifadhi ya Yosemite, likafanya kazi ya zimamoto kwelikweli. Gari la kuigizia likawa gari la kazi!

Basi wenzangu wa bwenini, nawarudisha kwenye ule mjadala wetu. Webb alikuwa mwigaji. Hakuwa polisi, hakuwa mzimamoto, na urubani ulimshinda. Lakini aliiga kwa ukweli, na ukweli huo ukawafikia watu ambao hawakumjua wala yeye hakuwajua. Tatizo si kuiga, tatizo ni kuiga ovyo. Anayeiga mtindo wa nywele wa mwanamuziki ameishia kichwani. Anayeiga kazi hadi kitasa cha mlango, huyo amekwisha kuanza kuijua kazi.

Mdogo wangu nyumbani bado hutengeneza magari ya waya. Likizo hii nikimkuta, sitamwambia anapoteza wakati. Nitakaa naye chini nimuulize kama gari lake lina breki.