Grace Ogot: nesi kabla ya kuwa mwandishi

Leo nawatoa Pwani kidogo, twende mpaka Kisumu, kule ambako reli iliyoanzia hapa kwetu Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani mwaka 1901. Waingereza waliuita mji ule Port Florence. Nilipokuwa nasoma diploma yangu ya uuguzi, niliamini ni kwa heshima ya Florence Nightingale. Kumbe ni Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli! Hata hivyo, mwambao ule una nesi wake mwenyewe mwenye jina kubwa, ila wengi wanamjua kwa kazi nyingine.

Grace Ogot alizaliwa tarehe 15 Mei 1930 huko Asembo, kando ya Ziwa Victoria. Baba yake alikuwa mwalimu, na nyanyake alikuwa hodari wa hadithi. Alisoma Ng'iya, kisha Butere. Mwaka 1949 akavuka mpaka kwenda Uganda kusomea uuguzi Mengo, hospitali iliyoanzishwa na Daktari Albert Cook mwaka 1897. Akamaliza 1953, halafu akaenda Uingereza kusomea ukunga. Alipokuwa huko alifanya pia kazi ya utangazaji na uandishi wa vipindi BBC, kuanzia 1955 hadi 1958.

Aliporudi akashika kazi Hospitali ya Maseno, nje kidogo ya Kisumu, pale barabara inapokata ikweta. Alikuwa sista wa wadi na mwalimu wa wakunga. Vitabu vinaupita wakati huo kwa mstari mmoja, halafu vinakimbilia riwaya. Mimi nauona ndio ufunguo wa mambo mengi aliyokuja kuandika.

Sista wa wadi hahukumiwi kwa sindano alizochoma yeye mwenyewe tu. Hukumu yake iko kwenye kazi aliyompa mwingine: amempa nani, amemweleza nini, na je, alirudi kutazama? Haya nayajua kwa aibu. Nilipokuwa nesi mchanga katika hospitali ambayo jina lake nitalihifadhi, usiku mmoja tulikuwa wawili kwa wadi nzima. Nikamwambia mwanafunzi ampe mzee mmoja wa kisukari insulini yuniti 10, nami nikakimbilia mgonjwa mwingine aliyekuwa akibanwa na kifua. Bomba maalumu la insulini lilikuwa limekwisha, akachukua la kawaida. Insulini yetu ilikuwa na yuniti 100 katika kila mililita moja. Yuniti 10 ni sehemu ya kumi ya mililita, tone dogo tu. Yeye akavuta mililita nzima. Sindano ilikuwa imeshakaribia ngozi pale mwenzangu mkubwa alipopita na kuuliza ni kiasi gani. Mzee yule angeishiwa sukari mwilini usingizini, na asubuhi tungesema ni kudra.

Mwanafunzi alilia. Lakini kosa lilikuwa langu. Nilimtupia kazi bila kumuuliza kama amewahi kuifanya, na insulini ni katika dawa ambazo watu wawili hutakiwa kuzihakiki kabla hazijamfikia mgonjwa.

Ndiyo maana hadithi yake iitwayo The Old White Witch, iliyomo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder wa mwaka 1968, hunikaa rohoni kuliko kazi zake nyingine. Ni habari ya hospitali ya misheni. Metroni Mzungu anawaamuru manesi Waafrika wabebe vyombo vya choo vya wagonjwa wasioweza kuinuka. Wasichana wanakataa, kwa kuwa kwao ni kuvunja mila na kujiharibia heshima. Metroni hataki kusikia. Wanafungasha na kuondoka. Baadaye kiongozi wao mwenyewe anaugua na kurudishwa hospitali ile ile, akiwa mahututi.

Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nahama upande. Metroni ana haki: kumsafisha mgonjwa ni uuguzi, tena mgonjwa akilala kwenye uchafu atapata vidonda. Sisi tuliofundishwa kuwa twahara ni nusu ya imani hatuna la kubisha hapo. Lakini kiongozi anayetoa amri bila kujua inamgusaje anayeamriwa, huyo naye amewaacha wagonjwa. Grace Ogot hakumpa upande wowote ushindi. Nadhani ni kwa sababu alikuwa amezivaa nguo zote mbili: alikuwa mwanafunzi aliyeamriwa, kisha akawa sista wa kuamuru. Wale wanaokumbuka mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano, wataelewa kuwa hadithi ile haijazeeka.

Mengine yake yanajulikana. Mwaka 1959 aliolewa na mwanahistoria Bethwell Ogot. Alikuwa ofisa wa maendeleo ya jamii Kisumu, akafanya kazi Air India, na mwaka 1966 akatoa The Promised Land, riwaya ambayo ndani yake ugonjwa unaishinda hospitali. Aliandika pia kwa Kijaluo, jambo ambalo sisi wenye Kiswahili chetu tunapaswa kumheshimia. Akaingia Bungeni kwa kuteuliwa mwaka 1983, kisha akachaguliwa Gem 1985, akawa waziri msaidizi wa utamaduni na huduma za jamii. Siasa zake siziandiki leo.

Alifariki Nairobi tarehe 18 Machi 2015, akiwa na miaka 84. Miaka mitatu kabla alikuwa ametoa kumbukumbu zake, Days of My Life, zilizochapishwa na Anyange Press ya huko huko Kisumu.

Yule mwanafunzi wangu wa insulini sasa ni msimamizi wa wadi, mkubwa kuliko nilivyowahi kuwa mimi. Mwezi uliopita nilimpelekea nakala ya Land Without Thunder. Akanipigia simu usiku, na kabla hata ya salamu akaniuliza: kwani dada, yule metroni ungekuwa wewe, ungefanyaje? Tulizungumza mpaka salio lake likaisha.