Akio Morita: Aliyekataa fedha ili jina la Sony lijulikane

MWAKA 1955 mfanyabiashara kijana kutoka Japan aliingia katika ofisi za kampuni ya saa ya Bulova nchini Marekani akiwa na redio ndogo ya transista. Jina lililoandikwa juu ya redio ile lilikuwa halijulikani kwa Mmarekani yeyote.

Bulova waliipenda. Walitaka redio 100,000 kwa mkupuo mmoja, oda ambayo thamani yake ilizidi mara kadhaa mtaji wote wa kampuni iliyoitengeneza. Sharti lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba redio zote zibandikwe jina la Bulova.

Kijana huyo aliwapelekea wenzake wa Tokyo habari hizo kwa telegramu. Wakamjibu apokee oda na kuachana na suala la jina. Akatafakari, kisha akarudi kwa mnunuzi na kukataa. Mnunuzi alimshangaa, akamkumbusha kuwa Bulova walikuwa wametumia miaka zaidi ya 50 kulijenga jina lao. Kijana akamweleza kwamba hata jina la Bulova lilikuwa halijulikani miaka 50 kabla ya hapo, na kwamba kampuni yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuihesabu miaka yake 50.

Huyu alikuwa Akio Morita, mmoja wa waasisi wawili wa kampuni ya Sony, aliyefariki dunia mwaka 1999.

Leo, watu wanapokesha nje ya maduka wakisubiri toleo jipya la simu ya kampuni waipendayo, uamuzi ule waweza kuonekana wa kawaida. Haukuwa hivyo enzi zile. Bidhaa za Japan zilihesabiwa kuwa vitu vya bei rahisi visivyodumu. Morita mwenyewe aliuonja uchungu huo mwaka 1953 mjini Düsseldorf, Ujerumani, alipoletewa aiskrimu iliyochomekwa mwavuli mdogo wa karatasi. Mhudumu, kwa wema kabisa, alimjulisha kwamba mwavuli ule ulitoka kwao Japan.

Gramafoni ya yen 600

Morita alizaliwa Januari 26, 1921, mjini Nagoya, akiwa mtoto wa kwanza katika familia iliyokuwa ikitengeneza pombe ya mchele iitwayo sake tangu karne ya 17 katika kijiji cha Kosugaya. Kwa mila za ukoo, yeye ndiye aliyepaswa kuwa mrithi wa kizazi cha 15. Tangu akiwa mwanafunzi alikalishwa katika vikao vya biashara na kufundishwa kuonja sake. Pombe hiyo iliuzwa kwa jina lake maalumu, Nenohimatsu, kwa hiyo thamani ya jina la bidhaa aliijua akiwa bado mdogo.

Mama yake alipenda muziki wa Ulaya, na nyumbani walikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono yenye sauti ya kukwaruza. Baba akaamua kununua gramafoni mpya ya umeme kutoka Marekani kwa yen 600, wakati gari la Kijapani liliweza kupatikana kwa yen 1,500.

Tofauti ya sauti ilimduwaza kijana. Santuri zilikuwa zilezile alizozizoea, ila mashine ilikuwa nyingine. Alianza kununua majarida ya umeme, akajenga gramafoni yake mwenyewe na redio, na masomo yakazorota kiasi cha kuwatia wazazi wake hofu. Ilimbidi asome mwaka mzima kwa kujifungia ndipo aingie shule ya juu, na hatimaye akahitimu fizikia katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Osaka mwaka 1944.

Kwa maneno mengine, kabla hajawa mtengenezaji, Morita alikuwa mteja aliyerogwa na kifaa. Hali hiyo hakuipoteza hata alipokuwa mwenyekiti wa kampuni kubwa.

Mto wa umeme wenye jina bandia

Wakati wa vita, akiwa ofisa wa jeshi la majini, alikutana na Masaru Ibuka, mhandisi aliyemzidi miaka 13, katika kamati ya utafiti wa silaha. Vita ilipokwisha mwaka 1945, Ibuka alifungua karakana ndani ya jengo la duka lililoharibiwa kwa mabomu katikati ya Tokyo. Morita alisoma habari zake gazetini, akamtafuta.

Lakini kumtoa mrithi wa ukoo halikuwa jambo dogo. Ibuka alisafiri hadi Kosugaya akiandamana na mkwewe, Tamon Maeda, aliyekuwa waziri wa elimu, kumwombea kijana ruhusa kwa baba yake, karibu kama wazee waendao kuposa. Mzee aliwasikiliza, akamruhusu mwanawe, na baadaye akawakopesha fedha mara kwa mara. Mdogo wake Akio ndiye aliyeshika kiwanda cha sake.

Mei 7, 1946, kampuni ilisajiliwa ikiwa na mtaji wa yen 190,000 na wafanyakazi wapatao 20. Bidhaa za mwanzo zilikuwa za kusikitisha. Jiko la umeme la wali, ambalo lilikuwa pipa la mbao lenye vipande vya aluminiamu chini yake, lilitoa ama wali mbichi ama bokoboko. Walitengeneza pia mto wa kukalia uliopashwa joto kwa umeme, ambao uliuzika, ila hawakuuamini. Waliuuza kwa jina la kampuni ya kubuni ili lao lisihusishwe nao. Wakiwa hawana kitu mfukoni, tayari walilionea jina lao wivu.

Kinasa sauti cha kwanza, kilichotoka mwaka 1950, kilimpa Morita somo jingine. Watu walifurahi kusikia sauti zao, wakacheka, kisha wakaenda zao bila kununua. Siku moja akamwona mtu katika duka la vitu vya kale akilipia chombo kikuukuu fedha nyingi kuliko bei ya kinasa sauti, bila kusitasita. Alitambua kwamba mteja hununua kile anachokithamini, na kwamba ni kazi ya muuzaji kumwonyesha thamani hiyo. Akaenda mahakamani, ambako makarani wa hati mkato walikuwa wachache, na huko mashine zikanunuliwa. Shule zikafuata.

Herufi nne

Mwaka 1953 alisafiri hadi Marekani kukamilisha mkataba wa dola 25,000 wa haki ya kutengeneza transista kutoka kampuni ya Western Electric. Redio yao ya kwanza ya transista ilitoka mwaka 1955.

Ni katika safari hizo alipogundua kuwa jina la kampuni, Tokyo Tsushin Kogyo, liliwashinda wageni kulitamka. Yeye na Ibuka walipekua kamusi hadi wakakutana na neno la Kilatini la sauti, sonus, lililofanana na neno la Kiingereza la kumwita kijana mdogo, sonny. Hilo la pili, likitamkwa Kijapani, lingesikika kama kupoteza fedha. Wakaondoa herufi moja, ikabaki Sony. Benki yao ilipinga, ikiuliza sababu ya kutupa jina lililojengwa kwa miaka kumi, lakini Januari 1958 jina jipya likawa la kampuni nzima.

Kulilinda kukawa vita vingine. Kampuni moja ya vyakula ilipoanza kuuza chokoleti kwa jina la Sony nchini Japan, Morita aliona kwamba mteja mmoja akiumwa tumbo, sifa ya redio zao ingeumia pamoja naye. Kesi iliwachukua miaka minne, wakashinda.

Mwaka 1957 walitoa redio iliyotangazwa kuwa ya kutia mfukoni. Ukweli ni kwamba iliuzidi kidogo mfuko wa kawaida wa shati. Wauzaji wakashonewa mashati yenye mifuko mikubwa. Ujanja huo hausifiwi katika shule za maadili, ila wateja hawakulalamika.

Mwaka 1963 alihamia New York pamoja na familia yake ili amjue Mmarekani akiwa nyumbani kwake, si kwa kusoma ripoti. Mwaka 1970 Sony ikawa kampuni ya kwanza ya Japan kuorodheshwa katika Soko la Hisa la New York.

Kifaa bila kitufe cha kurekodi

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ibuka, aliyekuwa akisafiri mara kwa mara kwa ndege, aliomba kifaa chepesi cha kusikilizia muziki. Wahandisi walichukua kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari, wakaondoa sehemu ya kurekodi, wakakiunganisha na hedifoni nyepesi. Ndani ya kampuni wengi waliona ni wazimu: nani atanunua mashine ya kaseti isiyorekodi?

Morita alikipeleka nyumbani kukijaribu, na mkewe akachukizwa kwa kutengwa na alichokuwa akikisikiliza. Akaagiza kiwe na matundu mawili ya hedifoni. Alilazimisha zitengenezwe 30,000 kwa kuanzia, akaahidi kujiuzulu uenyekiti zisipouzika hadi mwisho wa mwaka.

Walkman iliingia madukani Julai 1, 1979, kwa yen 33,000. Mwezi wa kwanza ziliuzwa 3,000 tu. Kampuni ikawatuma vijana wake kutembea mitaani na kupanda treni za Tokyo wakiwa wamevaa hedifoni, na wapita njia wakaazimwa wasikilize. Kufikia mwisho wa Agosti hakuna iliyobaki.

Nchi za nje zilipewa majina mengine, Soundabout kule Marekani na Stowaway kule Uingereza. Wageni waliotoka Japan wakawa wanaulizia Walkman madukani, na Morita akaamuru jina liwe moja dunia nzima. Walkman za kaseti zilizouzwa zilipita milioni 200. Afrika Mashariki nako, vijana wa miaka ya 1980 na 1990 waliita Walkman kifaa chochote cha namna hiyo, hata kama kilitoka kiwanda kingine kabisa.

Jina lilipokosa nguvu

Hata hivyo, kuna mahali ambapo kupendwa hakukutosha. Deki la video la Betamax, lililotoka mwaka 1975, lilisifiwa kwa ubora wa picha. Mkanda wake wa mwanzo ulichukua saa moja tu. Mwaka uliofuata kampuni ya JVC ikaleta VHS iliyochukua saa mbili, yaani filamu nzima, na kuwashawishi watengenezaji wengi waitumie.

Sony ilishinda mahakamani na kushindwa madukani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ilitupilia mbali madai ya kampuni za filamu za Universal na Disney, ikiamua kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si wizi. Wakati huo wapenzi wa Betamax walikuwa wakipungua, na mwaka 1988 Sony yenyewe ilianza kutengeneza madeki ya VHS.

Morita aliamini Betamax ilikufa kwa kukosa filamu za kutosha. Sony ikanunua kampuni ya muziki ya CBS Records kwa dola bilioni 2 mwaka 1988, na Columbia Pictures kwa dola bilioni 3.4 mwaka uliofuata. Ununuzi huo wa pili uligeuka mzigo. Novemba 1994 kampuni ilifuta kwenye vitabu vyake takriban dola bilioni 2.7 za thamani ya studio zake.

Morita hakuwa tena katika nafasi ya kujieleza. Novemba 30, 1993, akicheza tenisi asubuhi, alipatwa na kiharusi. Aliachia uenyekiti mwezi uleule wa hasara. Ibuka alifariki dunia Desemba 1997, na Morita akamfuata Oktoba 3, 1999, kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 78.

Siku mbili baadaye, huko California, Steve Jobs wa Apple alianza uzinduzi wa kompyuta zake mpya kwa kuonyesha picha ya Morita jukwaani. Wakati mmoja Morita alikuwa amempa Walkman, na Jobs aliifungua kipande kwa kipande ili aone ilivyoundwa. Mwaka 2001 Apple ilitoa iPod.

Mwaka 2002 mahakama ya juu ya Austria iliamua kwamba Walkman limekuwa neno la kawaida la lugha, na hivyo Sony haiwezi kumzuia mshindani kulitumia nchini humo. Walkman ya kaseti iliacha kupelekwa madukani Japan mwaka 2010.